Maji Niliyopima Asubuhi za Ramadhani

Naandika haya kwa Kiswahili, na afadhali niseme mapema kwa nini. Wale niliowakosea hawakisomi. Kule Mahabibo, mtaa wa ndani wa mji wa Mahajanga, wenye masoko na vijumba vilivyobanana, watu huzungumza Kimalagasi cha pwani, ofisini Kifaransa, na ndani ya nyumba zetu sisi wenye asili ya kisiwa cha Ngazija husikika Kingazija, tena kwa sauti ya chini. Kiswahili kwetu kilibaki katika maneno ya dini, ya biashara na ya bahari. Mimi nimekijua sawasawa ukubwani, kwa kuoa mke wa Unguja ambaye hakukubali kugombezwa kwa lugha asiyoielewa. Basi naandika kwa lugha ya mke wangu, nikijua kwamba huko nilikofanya aibu yangu hakuna atakayenisoma. Ukiniita mwoga hujakosea, na ukisoma mpaka mwisho utaona umeniita jina dogo.

Nimefanya kazi ya maji maisha yangu yote. Mwishoni mwa miaka ya sabini nilitoka Nosy Be, kisiwa nilikozaliwa, nikaenda Mahajanga kuajiriwa katika ofisi ya maji. Kazi yangu ilikuwa kubeba sanduku la vichupa nyuma ya mhandisi mmoja kutoka bara, kutoka milimani, mtu mwembamba mwenye miwani, aliyepangusa kila kichupa kwa leso yake mwenyewe kabla ya kukitumia. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kwa miaka mingi nilijaribu kumfanya yeye ndiye mwenye makosa, ikashindikana.

Mhandisi alikuwa na tatizo. Alitaka kujua kila mtaa wa mji unatumia maji kiasi gani, na hakuwa na njia ya kujua. Mita zilikuwa chache na nyingi zilikuwa zimekufa. Nyumba nyingi hazikuwa na mfereji ndani. Watu walichota kwenye mfereji wa mtaa, na nani angesimama pale kutwa kuhesabu ndoo. Lakini maji yote ya mji yalitiwa klorini kule tangini, ile dawa yenye harufu ambayo wengine huifananisha na ya hospitali, na dawa hiyo haidumu. Maji yakikaa ndani ya bomba, inapungua saa baada ya saa. Tulijaza chupa kubwa maji ya tangini, tukaifungia kwenye kabati ofisini, tukapima kila saa mpaka tukajua inapungua kwa mwendo gani.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi, na mimi niliipenda mno. Unakwenda kwenye mfereji, unakinga maji kwenye kichupa, unadondosha matone ya dawa nyingine, maji yanageuka manjano. Unayalinganisha na rangi zilizopakwa kwenye kibao. Manjano yakikolea, ujue maji hayo yametoka tangini sasa hivi, kwa maana watu huko wanachota kwa wingi na maji yanakimbia. Manjano yakiwa hafifu, maji yamelala bombani, hakuna wa kuyachota. Ukijua urefu wa bomba na upana wake, unapiga hesabu unapata matumizi ya mtaa mzima bila kumgongea mtu mlango. Mhandisi alikuwa akisema kwamba watu wakiulizwa husema wanachotaka, lakini rangi haina cha kutaka. Mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa kama mwanafunzi wa chuoni.

Sasa lazima nieleze kwa nini ofisi ilihitaji kujua. Muda mfupi kabla sijafika ulipita ule mwaka mbaya, ambao watu wetu waliuawa mitaani Mahajanga kwa kosa la kuwa Wangazija, na maelfu wakarudishwa visiwani kwa meli na kwa ndege. Sitausimulia. Sikuwepo, na waliokuwepo hawakupenda kuusimulia. Ninachotaka ujue ni kwamba baada yake hakuna aliyejua kwa hakika Mahabibo imebakiwa na watu wangapi. Nyumba nyingine zilikuwa tupu kweli. Nyingine zilikuwa na watu waliofunga madirisha. Na pembeni mwa mji kulikuwa na mtaa mpya uliojaa watu kutoka mashamba, wanaolia maji kila siku, na bohari ya ofisi haikuwa na hata kipande cha bomba la kuwapelekea. Mhandisi alikuwa na njia moja tu, kung'oa bomba mahali lisipohitajika akalipeleke huko.

Nilikaa kwa mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, Mahabibo humo humo. Ni miongoni mwa waliobaki. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye mwendo wa haraka, uso umepakwa liwa tangu asubuhi, na kazi yake aliyojulikana nayo ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Kazi hiyo haina mshahara wala likizo. Akifa mwanamke popote mtaani, anaitwa yeye. Aliosha kwa maji ya mfereji tu, kwa sababu visima vya pale ni vya chumvi na alisema hamwoshi mtu kwa maji ambayo mwenyewe hawezi kuyanywa. Mfereji wa mtaa ulikuwa pale kona, hatua chache tu kutoka mlangoni kwake, kitako cha saruji na koki ya shaba iliyosuguliwa na mikono mpaka ikang'aa. Kila asubuhi niliamka nikakuta ndoo ya maji ya kuoga imewekwa nyuma ya ua, imefunikwa sinia. Sikuwahi kuuliza imefikaje pale.

Na ofisini je? Ofisini nilikuwa mtu wa Nosy Be, basi. Nosy Be watu wamechanganyika, ukisema umetoka huko hakuna anayekuchimba zaidi. Jina nililoandikisha kazini nilikuwa nimelikata kidogo, nikalipa mkia wa Kimalagasi. Wenzangu walipofanya mzaha juu ya "wale walioondoka", nilicheka. Sikucheka sana, nilicheka kiasi. Nilijua sauti ya kucheka kiasi, niliifanyia mazoezi.

Ramadhani ikaingia katikati ya zoezi letu, wakati wa kiangazi. Nilifunga, maana ningekwepa vipi daku ya mama mdogo, naye ananiamsha kwa kunivuta kidole gumba cha mguu. Lakini ofisini sikumwambia mtu. Mchana wakila, nilisema tumbo linanisumbua. Siku ya nne mhandisi akaniletea majani ya mpera kutoka kwake nichemshe ninywe, tumbo litulie. Nikayachukua, nikamshukuru, nikayatupa njiani.

Mitaa mingine tulikuwa tumeshaimaliza. Ilibaki Mahabibo. Tulikuwa tukipima kati ya saa tatu na saa sita, kama kawaida yetu, na hapo ndipo ninapotaka usikilize vizuri. Kila mwenye kufunga anajua nyumba ya Waislamu inavyokuwa saa tatu asubuhi katika Ramadhani. Hakuna chai. Hakuna moto. Wanawake wamelala kidogo baada ya alfajiri, nguo hazifuliwi mpaka jua lipoe, sufuria ziko kifudifudi. Maji huanza kukimbia baada ya alasiri, kila nyumba kwa pamoja, kupika, kuoga, kutawadha, kuosha vyombo, na tena wakati wa daku. Asubuhi yamelala tu. Mimi nilijua. Nilikuwa miongoni mwao, nimetoka kwenye nyumba ya namna hiyo saa mbili kabla.

Kichupa cha kwanza kikatoka manjano hafifu. Cha pili hivyo hivyo. Tulizunguka Mahabibo siku tatu, na kila mfereji ulitoa rangi ile ile ya majani makavu. Mhandisi alikuwa akitikisa kichwa, si kwa ubaya, kwa huzuni. "Masikini," aliniambia kwa Kimalagasi, "wameondoka wengi kuliko tulivyodhani." Nilishika kibao cha rangi. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: bwana mhandisi, watu hawa wamefunga, tuje jioni. Ni maneno ya mtu yeyote. Hata asiyekuwa Mwislamu angeyasema kama angejua. Lakini kichwani mwangu nikaona kwamba swali litakalofuata ni "wewe umejuaje?", na swali la baada ya hapo nikaona sina jibu lake. Nikameza maneno. Nikasoma rangi, nikataja namba yake, yeye akaandika.

Siku ya tatu tulimalizia kwenye mfereji wa kona, ule wa mlangoni kwetu. Nilikuwa nimejipanga, nimeomba ziwe saa ambazo mama mdogo amelala. Rangi ilikuwa hafifu kuliko zote. Mhandisi akaiangalia, akainusa, akatoa bilauri yake ndogo kwenye sanduku, akaijaza, akanipa. Alisema pua yake imezoea mno, haiamini tena. Nionje mimi, nimwambie kama yana ladha ya bomba.

Ningeweza kusukutua na kutema. Hata aliyefunga husukutua anapotawadha. Lakini nilihisi kutema kutanifichua, kwamba macho yake yatakwenda kwenye yale mate pale chini na atajua kila kitu. Nikanywa. Sikuonja, nilikunywa bilauri nzima ikaisha, kwa sababu kuogopa hakuna kipimo. Nilipoishusha nikamwona mama mdogo amesimama hatua tano kutoka kwetu, ndoo mbili za bati mikononi. Mwanamke wa nyumba ya nyuma alikuwa amefariki alfajiri ile, ndiyo maana hakulala. Alikuja kuchota maji ya kumwoshea.

Alikuwa ameniona, kama ninavyoiona karatasi hii. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikangoja aseme jina langu, lile refu, lisilokatwa. Yeye akaweka ndoo chini, akainamisha kichwa kidogo, akatusalimu sote wawili kwa Kimalagasi kama anavyosalimu wageni wa serikali, akaomba ruhusa ya kuchota. Aliniita "bwana mkubwa". Mimi niliyekuwa nikilala kwenye godoro lake.

Mhandisi akampisha kwa adabu. Koki ilipokuwa inajaza ndoo ya kwanza, akamuuliza, naye alikuwa na nia njema kabisa: mama, hapa mtaani mmebaki wengi au wachache?

Kwa watu waliopita walipopita wao, mtu wa ofisi akikuuliza mko wangapi, hilo si swali la maji. Mama mdogo aliinua macho kutoka kwenye ndoo. Alinitazama. Ilikuwa kwa muda mfupi sana, mhandisi hakuona kitu, lakini mimi nilielewa barabara anachoniuliza. Alikuwa anauliza: huyu ni mtu wa kuambiwa ukweli? Wewe unafanya kazi naye, wewe unamjua. Ningefumba jicho moja tu, ningetikisa kidevu, angesema tuko tele, kila nyumba ina watu, njoo baada ya alasiri ujionee foleni. Mimi nikainama nikawa nasafisha kichupa ambacho kilikuwa safi.

"Tumebaki wachache," alisema mama mdogo.

Mhandisi akaandika. Kisha, ndoo zilipojaa, akaweka penseli sikioni, akainama, akamsaidia kuinua ndoo ya kwanza mpaka kichwani na akamshikisha ya pili mkononi. Yeye, mtu wa milimani, mwenye miwani. Mimi nilikuwa na mikono miwili na umri wa miaka ishirini na tatu, nikasimama nimebeba sanduku la vichupa.

Jioni ile nilizunguka sokoni mpaka adhana ikakaribia, sitaki kuingia nyumbani. Nilipoingia nilikuta mkeka umetandikwa kama siku zote, uji wa mchele, muhogo wa nazi, tende tatu kwenye kisahani changu. Nilikaa. Adhana ilipoanza akanisogezea bilauri ya maji, ya kwangu, kabla ya yake. "Fungua, mwanangu," alisema. Nikaanza, "Mama, leo asubuhi..." Akanikatiza, hakuinua hata sauti. "Fungua. Uji unapoa." Nikanywa maji ya kufungulia mbele ya mtu aliyeniona nikinywa mengine mchana. Deni la siku ile nililifunga baadaye, siku moja badala ya siku moja, sheria ilivyo. Kwa lile jingine sikuambiwa nifunge ngapi.

Ripoti iliandikwa. Nilisaidia kuchora ramani yake kwa mkono wangu, Mahabibo nikaipaka rangi nyepesi kuonyesha matumizi madogo, na nikasifiwa kwa usafi wa mistari. Mwezi wa pili baada ya Idi mafundi walikuja, wakafukua bomba pana lililolisha mtaa wetu, wakaacha jembamba la zamani kwa nyumba chache zenye mifereji ya ndani. Mfereji wa kona ukang'olewa. Kilibaki kitako cha saruji, na mtu fulani akaweka hapo ubao wa kuuzia vitunguu. Mama mdogo hakusema neno mkekani, wala wanawake waliokuja kumtembelea hawakusema neno nikiwa nasikia. Walikuwa wamezoea kuchukuliwa vitu. Walidhani huu ni muendelezo wa yale yale, na ofisi yangu haikuwa na mtu wa kuwaambia kwamba ni rangi tu iliyosomwa saa isiyo yake.

Sasa nisikilize nilivyokuwa mpumbavu. Kila asubuhi nilikuta ndoo yangu nyuma ya ua, imejaa, imefunikwa sinia kama zamani. Nami nikaoga. Wiki nzima, mwezi mzima, nikaoga. Nilijua mfereji umeondolewa, nilikuwa nimeichora ramani ya kuuondoa, na bado sikujiuliza ndoo ile inatoka wapi. Mtu akishazoea kutumikiwa anapofuka jicho moja.

Nilijua kwa bahati. Siku moja nilitakiwa tangini mapema, nikatoka kabla ya muda wangu, na ng'ambo ya soko nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, ndoo miguuni, mkono kiunoni, anavuta pumzi. Mfereji uliobaki ulikuwa mbali zaidi ya pale, na foleni yake huanza alfajiri. Nikamwambia kwa ukali, maana nikiona haya huwa mkali, kwa nini anajiua hivi kwa ndoo moja. Akanitazama kwa mshangao kidogo. "Yangu nimeshayapeleka," alisema. "Haya ni ya kwako ya kuoga."

Nilimbebea mpaka nyumbani. Sikuoga. Nilikwenda moja kwa moja ofisini, nikamkuta mhandisi ndiyo kwanza anavua koti, nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni: jina langu kamili, mama mdogo, Ramadhani, asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nadhani nilitaka kufukuzwa, ningepata wa kumlaumu.

Alivua miwani akaiweka juu ya faili. "Ulikuwa umefunga?"

"Nilikuwa nimefunga."

"Hata siku ile niliyokupa maji?"

"Hata siku ile."

Uso wake ulisawijika kama kwamba ni yeye aliyekosa. Kisha akasema kwa upole, "Ungeniambia neno moja tu, tungekuja jioni. Mimi nilikuwa natafuta saa ya kupima. Sikuwa natafuta kingine." Hakuuliza kuhusu jina langu. Wala siku ile, wala baadaye. Hofu yote ile niliyoilea kifuani miezi na miezi, mwenyewe hakuwa na habari nayo.

Wiki hiyo hiyo tulirudi Mahabibo baada ya alasiri, tukapima kwenye mifereji ya ndani iliyobaki. Manjano yalikolea mpaka yakaelekea rangi ya machungwa, na maji yenyewe yalitoka kidogo kidogo kwa jinsi yalivyogombaniwa. Mhandisi akaandika barua ndefu, akakiri kwamba kipimo cha kwanza kilikuwa na kasoro ya saa, akaweka sahihi yake peke yake. Nilimwomba aandike na jina langu. Alisema barua ya ofisi haihitaji majina mawili. Lakini bomba lilikuwa limeshafukiwa katika mtaa mpya, na watu wa huko, ambao nao hawakuwa na kosa, walikuwa wameshalizoea. Nani angewang'olea? Bomba jingine halikuja. Miaka ile hata misumari ilikuwa adimu. Mwaka uliofuata mhandisi akahamishiwa kwao milimani, na mimi nikaomba uhamisho wa Nosy Be. Niliwaambia watu kwamba nimekumbuka nyumbani. Nilikuwa nakimbia ile ndoo.

Nosy Be nilipanda cheo. Hoteli ziliongezeka upande wa Ambondrona, kila moja ikadai maji zaidi ya mwenzake, na mimi nilikuwa mtu wa kuwakatia ubishi kwa vichupa vyangu. Baadaye dawa ya matone ikaachwa, vikaja vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya waridi, lakini hesabu ni ile ile. Nilisifika kwa jambo moja: mwezi wa Ramadhani, katika mitaa ya Waislamu, hakuna kupima kabla ya alasiri. Niliandika hivyo kwenye kitabu cha kazi. Fundi mmoja mgeni aliwahi kuniuliza sababu, nikamjibu ni utaratibu. Ningemweleza kisa chote kwa dakika kumi, kingemfaa katika kazi yake. Nikasema ni utaratibu, nikatoka nje kujifanya natafuta funguo.

Mama mdogo alikuja mara moja. Alikuwa na mpwa wake aliyeolewa Nosy Komba, kisiwa cha jirani, anatarizi vitambaa vya meza vya kuuzia watalii, akamtembelea huko kwanza, kisha akavuka akakaa kwangu siku chache. Alikuwa amezeeka, nyonga moja inamsumbua, ingawa bado aliitwa kuosha. Asubuhi nilimkuta uani amefungua mfereji, amevua viatu, anaacha maji yamwagike juu ya miguu yake. "Maji yenu yana nguvu," alisema, na akacheka kama msichana. Mke wangu akacheka naye. Mimi nilisimama pale na maneno yangu, yale ya tangu futari ile, nimeyapanga vizuri sasa, nimekuwa mtu mzima. Nikafungua kinywa. Yeye akafunga koki haraka, akasema samahani, asije akawamalizia watu maji. Nikasema hapana mama, fungua tu. Hayo ndiyo niliyoweza kusema.

Alipougua mara ya mwisho niliitwa Mahajanga, nikamkuta bado ana akili zake. Nilikaa naye siku tatu. Hatukuzungumza habari ya mfereji. Alitaka kujua kama mke wangu amepona jino. Siku ya nne, baada ya sala ya alfajiri, alifariki.

Kufika saa mbili nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Aliyekuja kumwosha alikuwa mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi hiyo, mtu wa makamo ambaye mimi sikuwa namfahamu, naye alishaingia chumbani tangu mapema. Pazia likashushwa. Likaja suala la maji. Nyumba ya jirani ina mfereji, lakini kwa lile bomba jembamba, mchana hautoi kitu. Ilibidi kwenda ng'ambo ya soko. Wanaume wenzangu walinizuia, wakasema wewe umetoka safari, una uzee wako, kaa upokee rambirambi. Niliwafokea. Nikachukua ndoo mbili za bati, ambazo nilizijua.

Si karibu. Nilikuwa nimeandika umbali ule kwenye ramani miaka ile, kwa wino, lakini miguu yangu haikuwahi kuujua. Nilipumzika kwenye ngazi ya lile duka kwenda na kurudi. Mwanamume haingii anapooshwa mwanamke, hata awe mwanawe, kwa hiyo nilipofika niliweka ndoo chini ya pazia, mkono ukatoka, ukazivuta ndani, baadaye ukazirudisha tupu. Safari ya kwanza, ya pili. Safari ya tatu nilikuwa nahema kwa sauti. Mkono ulipotoka, mwenye mkono akanihurumia. Hakunijua, aliona vidole vya miguu tu.

"Pole, kaka," alisema kutoka ndani, akiendelea na kazi yake. "Zamani palikuwa na mfereji hapo kona. Marehemu alikuwa akituambia tusiwachukie walioung'oa, walikuwa watu wasiotujua."

Ndoo zikarudi chini ya pazia, tupu. Sauti ikasema bado zinahitajika mbili. Nikaziokota, nikaenda kuchota.